Farasi Wawili wa Hayes

Jana baada ya chakula binti yangu mdogo aliniletea karatasi mezani. Kachora farasi anayekwenda mbio: miguu ya mbele kaitupa mbele, ya nyuma kaitupa nyuma, tumbo linaelea juu ya majani kama ngalawa. "Baba, farasi akikimbia kuna wakati miguu yote inakuwa juu?" Nikamwambia ndiyo, upo, ila si namna hii. "Namna gani basi?" Nikashika penseli nimwonyeshe. Mkono ukabaki juu ya karatasi, haukushuka. Akasubiri, akachoka, akaenda kupiga mswaki.

Mimi nilikuwa nimeshafika jikoni kwa yule mzee.

Hiyo ni ile kazi ya kubeba vitu mnadani, Tipperary, kabla mama wa watoto wangu hajaja Ayalandi. Jumatatu mpaka Jumatano tulizunguka na gari kuchukua mali majumbani, Alhamisi na Ijumaa watu walikuja kutazama, Jumamosi ikawa nyundo. Makabati, sahani, saa za ukutani, vitanda vya marehemu. Mwezi wangu wa tatu tukatumwa shambani kwa mzee mmoja anayeishi peke yake, tukachukue picha mbili za rangi za maji, jozi. Zizi lake lilikuwa tupu. Hatamu zilikuwa bado zinaning'inia kwenye msumari, ngozi imeshaanza kuota ukungu.

Mwenzangu alibaki nje na sigara yake. Mzee akaniongoza mpaka ukutani na kunisimamisha mbele ya picha kama mtu anayekutambulisha kwa jamaa zake. Ya kwanza ilikuwa gari la farasi la Bianconi, lile la abiria kukaa migongo ikielekeana, farasi wamesimama, watu wanapanda. Ya pili askari mmoja juu ya farasi anayekwenda shoti. "Tazama mguu wa mbele," akaniambia, "wa kushoto." Nikatazama. Mguu ulikuwa umekunjwa chini ya kifua. "Sogea." Nikasogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Chini ya rangi palikuwa na mstari mwembamba wa penseli: mguu mwingine, ulionyooshwa mbele, na ukwato wake, uliochorwa mwanzo kisha ukaachwa. Mchoraji alianza kuunyoosha kama walivyonyoosha wenzake wote, halafu akabadili nia. Rangi ya maji haifichi kitu, kilicho chini kinaonekana.

Nikamwambia marehemu baba alikuwa na punda sita Lamu, wa kubeba mchanga na mawe, na mimi nimekua nikitembea nyuma ya miguu yao. Punda akienda telki na shogi ya mizigo imelegea upande mmoja, nitajua kwa sauti ya kwato bila kumwona. Mzee aligeuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Toka hapo hakunieleza tena kama mgeni. Aliniuliza maswali: punda wenu wanaanza na mguu upi wakitoka kwenye matope? Mnawakata kwato au zinalika zenyewe? Mwenzangu alipiga honi mara mbili ndipo tukaachana.

Mchoraji ni Michael Angelo Hayes. Si jina kubwa; ukitaja wachoraji wa Ayalandi na farasi, watu wanakutajia Jack Yeats. Hayes alizaliwa Waterford mwaka 1820, baba yake naye mchoraji. Magari ya Bianconi aliyachora 1836, kijana wa miaka kumi na sita. Bianconi mwenyewe alikuwa Mwitalia aliyekuja akitembeza picha za kuuza vijijini, kisha mwaka 1815 akaanzisha gari moja la farasi kutoka Clonmel hadi Cahir, mwaka uleule vita vya Napoleon vilipoisha na farasi wa jeshi wakawa hawana kazi, bei zikaanguka. Hayes alipokua akawa mchoraji wa askari wa farasi, na swali la miguu likamganda. Mwaka 1876 alisoma mbele ya Royal Dublin Society, chama cha wasomi, makala nzima juu ya kuchora wanyama walio kwenye mwendo wa kasi. Tarehe 31 Desemba 1877 alikufa maji ndani ya tangi lililokuwa juu ya nyumba yake mwenyewe, Dublin.

Juni 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera zake kando ya njia, farasi akapitishwa mbio, na picha zikaonyesha: miguu yote minne huondoka chini, lakini ni wakati imekusanyika chini ya tumbo, siyo wakati imenyooshwa. Miezi sita. Mtu kalibeba swali lake mpaka utu uzima, jibu linakuja yeye yuko kaburini hata nusu mwaka haujapita vizuri. Liliniuma niliposoma, na bado linaniuma.

Basi Jumamosi ikafika. Picha zilikuwa loti ya 214, yaani namba yake katika mpangilio wa kuuza. Kwenye loti ya 180 hivi nilikuwa nyuma napanga viti vilivyouzwa, simu ya ofisini ikalia, karani yuko mlangoni anagawa vibao vya namba kwa waliochelewa. Nikapokea. Alikuwa mzee. Alitaja namba ya loti, akanyamaza, akasema amefikiri usiku kucha. Kisha akasema: iache.

Viti vilikuwa vinaburutwa kwenye sakafu ya mbao. Kama kuna neno lilifuata, sikulisikia. Simu ikakatika.

Kiingereza cha watu wa kule kina neno hilohilo kwa mambo mawili. Iache, maana yake isiguswe, ibaki yangu. Na iache, maana yake iache iende, usiishike tena. Nilikuwa na miezi mitatu tu masikioni mwao. Nikaandika kwenye kipande cha karatasi "214, iache," nikakiweka juu ya meza ya karani, nikaitwa kubeba kabati. Mnada wenyewe ulikuwa unakwenda kasi, loti tisini au mia kwa saa. Niliporudi karatasi haikuwepo mezani, na karani alikuwa ameshakaa kando ya dalali na daftari lake.

Loti ya 214. Mwenzangu alishika gari la Bianconi, mimi nikashika askari. Anayeshika picha mnadani haioni. Unaiweka mbele ya kifua, uso wake kwa watu, wewe unabaki na mgongo wa fremu: karatasi ya kaki iliyochanika pembeni, misumari midogo yenye kutu, waya uliosokotwa na mkono wa mtu aliyekufa zamani, vumbi juu ya ubao. Nyuso zote zilikuwa zinanitazama na hakuna aliyeniona mimi. Mia nne. Mia nne na hamsini. Mama mmoja mstari wa pili aliinua kibao bila kuinua macho. Mia sita kwenye mtandao. Mia saba kwenye simu. Waya ulikuwa umenikaa kwenye vidole, mikono ikaanza kutetemeka, na kioo kikawa kinatetemeka nacho, nikaona mwanga wa taa unacheza juu ya dari. Nikajua kwamba kila anayetazama anaona farasi wangu anatetemeka.

Elfu moja. Nilimtazama karani. Alikuwa anaandika. Nilijiuliza kama ile karatasi ameisoma, na kama ameisoma, ameisoma kwa maana ipi. Neno lilikuwa fupi sana. Ningeweza kusema, samahani bwana, mwenye mali amepiga simu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni, nimeshaipanga, Kiingereza chake chote sawasawa. Elfu moja na mia mbili, simu. Watu wapata themanini ukumbini, na mimi ndiye peke yangu niliyejua kwamba kuna la kuuliza. Dalali akasema mara ya mwisho, akanyamaza kidogo kama anavyofanya siku zote, akautazama ukumbi kutoka kulia hadi kushoto. Macho yake yalinipitia. Yalikaa juu yangu kidogo, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Nikavuta pumzi.

Nyundo ikagonga. Elfu moja na mia mbili, mnunuzi wa kwenye simu.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Karani alisema hakuona karatasi yoyote, na ninamwamini. Siku ile meza yake ilikuwa na karatasi mia. Picha zilifungwa, zikaondoka Jumatatu na gari la kusafirisha. Mzee alikuja Ijumaa iliyofuata kuchukua hundi yake, amevaa koti la kanisani. Nilimfuata mpaka nje kwenye gari lake. Nikamwambia, mzee wangu, siku ile kwenye simu, ulisema iache, ulitaka nini?

"Nilisema iache," akanijibu.

Hakusema kwa hasira wala kwa upole. Akaikunja hundi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani. Akaniuliza, "Aliyenunua ana farasi?" Nikamwambia sijui, alikuwa kwenye simu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo, akawasha gari.

Nimeligeuza neno lile miaka yote hii. Kuna siku nasadiki alitaka ziuzwe, alikuwa ameshawauza farasi wenyewe, picha za nini tena. Kuna siku namwona amekaa mbele ya ukuta ule usiku kucha, na najua kabisa alichokuwa anakiomba, na aliyemwomba alikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesogea mpaka kwenye kioo. Ningemwuliza tena. Sikumwuliza tena.

Jana usiku, watoto walipolala, nilirudi kwenye karatasi ya binti yangu. Sikufuta chochote. Nilichora miguu juu ya ile ya kwake, imekunjwa chini ya tumbo, polepole, kwanza ya nyuma, kisha wa mbele wa kulia, wa kushoto nikauacha wa mwisho.

Asubuhi ameiona. Ameihesabu yote kwa kidole, minane. Akachukua ufutio, akaniuliza afute ipi. Nilikuwa nachelewa kazini, nikamwambia tutazungumza jioni.