Vile tulipata pesa za kaunti kwa watoto wakati wa likizo

Shule zikifunga Agosti watoto wa huku kwetu Eastlands, Nairobi, wanashinda peke yao, mama ametoka saa kumi na moja alfajiri kwenda soko la Gikomba, baba yuko viwandani Indastri. Nilianza na watoto sita kwa nyumba yangu, tunasoma hadithi, tunachora, walipofika 23 landilodi akanipigia simu. Na holi ya kaunti iko hapo tu, imefungwa, paa inavuja. Iliniuma sana.

Nikaenda mkutano wa bajeti mwezi wa Mei, nikaongea, watu wakapiga makofi, na hakuna kitu kiliingia. Mzee mmoja wa mtaa akaniita kando, akaniambia mama umechelewa, makadirio ya bajeti yanafika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapelekwa kufikia 1 Septemba na hapo ndio miradi huingilia, sasa rudi Julai na uandike, maneno ya mdomo yanaishia kwa mkutano.

Nikaandika "tuisheni ya likizo". Jirani yangu mwalimu akaifuta hapo hapo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza tuisheni ya likizo, na tena kaunti haishughuliki na praimari, yake ni nasari, polytechnic za vijiji na maktaba. Maktaba! Hapo ndio tulishikilia. Tukaomba maktaba ya watoto ndani ya holi: paa, stima, benchi, vitabu. Wazazi 61 wakaweka sahihi na namba za kitambulisho, nikapeleka afisi ya wadi na bunge la kaunti, na kopi yangu nikahakikisha imepigwa muhuri. Huo muhuri msiuchezee, kwa sababu baadaye niliambiwa barua haijaonekana, nikaitoa kwa mkoba, mazungumzo yakabadilika.

Ilichukua karibu miaka miwili jamani. Pesa ziliingia kwa bajeti ya Julai ya mwaka uliofuata, fundi akaja Februari, likizo ya Aprili tukafungua na watoto 47, wale wakubwa wanasomea wadogo.

Chakula ndio bado. Shuleni wanalipa shilingi 5 za Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shule, wanakula, shule ikifunga hakuna, kwa hivyo wazazi wanachanga 20 kwa siku ya uji na asiyekuwa nayo hatumuulizi. Barua ya mwaka huu nimeshaandika, uji uko ukurasa wa kwanza, naipeleka Julai.