Kisima changu cha Goba na karatasi inayokilinda

Nina vyumba vya kupangisha na dobi ndogo huku Goba, Dar es Salaam. Oktoba 2022 Mto Ruvu uliposhuka na mgao wa maji ukatangazwa, nilifulia wateja kwa maji ya boza mpaka faida yote ikaishia kwenye boza. Hapo ndipo nilipoamua kuchimba. Tangu kisima kikamilike, majirani wananiuliza mita moja nilichimbiwa kwa bei gani. Mimi naona hilo ni swali dogo kuliko yote.

Nilianza na mpimaji wa maji ardhini, siyo mchimbaji. Alichomeka vijiti vya chuma kwenye mstari, akapitisha umeme, akasoma jinsi ardhi inavyoukinza kadiri anavyoshuka chini. Kisha akapita kwa majirani wenye visima, akauliza kina na kuonja maji. Nilimpenda kwa hilo, kwa sababu kifaa chake peke yake hakiwezi kutofautisha vizuri mfinyanzi na maji ya chumvi: vyote viwili hupitisha umeme kirahisi. Aliniandikia nisipite mita 85, nisije nikafikia maji ya chumvi. Ripoti yake ndiyo niliyoambatanisha kwenye maombi ya kibali, Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

Mashine ilikuwa ya kuzungusha kwa tope, maana huku kwetu ni mchanga na mfinyanzi, siyo mwamba. Kila mita tatu vijana walichota udongo uliotoka na kuupanga chini kwa mstari, vilima vidogo vidogo: mwekundu, kisha wa kijivu unaonata mkononi, kisha mchanga mwembamba. Baada ya mita 55 ukatoka mchanga wenye chembe kubwa kama za mchele, safi, hausongeki ukiufinya. Hapo ndipo maji yanapopita, na hapo ndipo bomba lenye michirizi, yaani mianya myembamba ya kuingizia maji, linapopaswa kukaa. Kazi hii ikifanywa kwa kubahatisha, unanunua kisima cha mchanga.

Tulipofika mita 80 fundi akaniambia, "Mama, twende mpaka 120, huko chini maji ni mengi zaidi." Nikamwonyesha ripoti, nikamwomba asimame. Anayelipwa kwa mita hana sababu ya kusimama mwenyewe, na kwa dobi maji mengi ya chumvi hayana maana: sabuni haitoi povu na nguo zinakauka zikiwa ngumu.

Walishusha mabomba ya kesingi, yale yanayozuia kuta za shimo zisibomoke, wakajaza kokoto ndogo pembeni, na sehemu ya juu wakaiziba kwa saruji ili maji machafu ya juu yasiteremke kando ya bomba. Kisha kompresa ikapuliza mpaka maji yakatoka meupe. Jaribio la kuvuta maji nililisimamia mwenyewe. Kabla ya kuvuta, maji yalikuwa mita 31 kutoka juu. Pampu ilipovuta mfululizo yalishuka mpaka 44 yakatulia hapo. Kwa hiyo pampu ikaning'inizwa mita 52, chini ya maji lakini juu ya michirizi. Maabara nayo ikaonyesha chumvichumvi chini ya miligramu 600 kwa lita, maji yanayonyweka vizuri.

Namba zote hizo nilidai ziandikwe na kusainiwa kabla ya kumalizia malipo. Wengi hawadai, na wachimbaji wengi hawatoi mpaka wabanwe.

Baadaye maji yalianza kutoka kwa uzi mwembamba huku pampu ikinguruma kama kawaida. Fundi wa kwanza alisema kisima kimekauka, tuchimbe kingine. Nikaitoa karatasi. Nikamwita fundi mwingine mwenye kipimio cha waya kinacholia kikigusa maji, akakishusha: mita 32. Kisima kizima kabisa! Akaniambia, "Mama, hebu weka sikio hapa." Nikasikia maji yakimwagika ndani ya bomba la kisima. Tulipoivuta pampu juu tukakuta bomba la kupandishia limepasuka karibu na kiungio, maji yanarudi yalikotoka. Tulibadilisha bomba na kamba ya kuning'inizia, tukaongeza swichi ya kuzima pampu maji yakishuka mno, maana pampu ikivuta pakavu inaungua. Kisima kikatiwa klorini kabla ya kutumika tena, kwa kuwa vifaa vilikuwa vimelala chini kwenye udongo.

Gharama yake haikukaribia hata kidogo ile ya kuchimba upya.

Sasa kila kiangazi namwita fundi yule ashushe kipimio, nami naongeza namba kwenye karatasi ileile. Sampuli ya bakteria nitaipeleka tena maabara mwezi ujao, kabla ya wakati wake, kwa sababu jirani wa upande wa juu anachimba shimo la choo, na viwanja vyetu ni vidogo. Zile mita 30 zinazoshauriwa kati ya choo na kisima hazipatikani.