Siku Baba Alipovuka Mto Pangani

Baba alifundisha Kiswahili sekondari tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo hakuwahi kufika Tanga. Mwaka 2014 mimi nilikuwa nimehamishiwa huko kikazi, naye akafunga safari kutoka Songea kuja kunitembelea. Alipomaliza kunywa chai ya kwanza akaniambia amekuja na mambo mawili. Kwanza anataka kuona alipozikwa Shaaban Robert. Pili anataka kuvuka mto Pangani, akaone ng'ambo alikokuwa akikata mkonge babu yangu.

Basi la Pangani lingetufikisha, lakini goti la baba lilikuwa haliwezi tena kukunjwa kwa muda mrefu, na basi halisimami mtu anapotaka kutazama. Nikakodi Noah ya kijana mmoja wa pale mtaani, tukapatana bei ya siku nzima, mafuta juu yake. Akaja kutuchukua alipotoka msikitini alfajiri. Baba alikaa mbele, dirisha wazi, kofia mapajani. Siku zile barabara ya kwenda Pangani ilikuwa ya vumbi tupu, na kila lori lilipotupita tulipandisha vioo kisha tukavishusha upesi, maana baba hakutaka kukosa kitu.

Machui ni kama kilomita kumi tu kusini mwa mji. Njiani baba alimpa dereva somo zima, na dereva, Mdigo aliyekulia huko huko, alilipokea kwa adabu. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, jirani na Machui, mwaka 1909. Akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaingia kazini kuwa karani wa forodha, huko huko Pangani tunakokwenda. Baadaye akahamia idara ya wanyama, ofisi ya jimbo Tanga, ofisi ya upimaji. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mshahara, mtu wa kuamka na kwenda ofisini, na bado akaandika vitabu vingi vile.

"Karani!" baba alirudia, akimgeukia dereva. "Wewe fikiria. Mchana anahesabu mizigo ya watu, usiku anaandika."

"Mashaallah, Mwalimu," dereva akajibu. Tangu hapo jina la baba likawa Mwalimu kwa siku nzima.

Kijijini tuliuliza njia kwa mzee aliyekuwa ameketi barazani kwake. Akainuka, akatutangulia mwenyewe. Mbele ya kaburi baba alisimama wima, goti na yote, wala hakusema neno. Sisi ni Wakristo, hatukuwa na Fatiha ya kusoma. Mzee akaisoma kwa niaba yetu, dereva akainua mikono pamoja naye. Ilipokwisha baba akasema, "Nimefundisha maneno yake kwa watoto wa watu miaka mingi. Niliona si vizuri nife sijamsalimia."

"Umeshamsalimia, Mwalimu," mzee akamwambia. "Sasa njoo tusalimiane na sisi tulio hai." Akatuangushia madafu, tukanywa kwenye ule ule ubaraza wake, na ilikuwa kazi kumtoa baba pale. Alitaka kujua watoto wa kijiji wanasoma nini, nani bado anatunga mashairi, harusini wanaimba nini. Mzee alijibu yote kwa mpangilio.

Tongoni ndiko tulikokaa sana, na mpaka leo siku hiyo ikinijia mawazoni huanza na Tongoni. Unaacha barabara kuu, unapita minazi, unatokea penye magofu karibu kabisa na bahari. Msikiti wa mawe ya matumbawe hauna paa tena, lakini kibla chake bado unakijua. Kuuzunguka kuna makaburi zaidi ya 40, yaliyojengwa kwa mawe yale yale na chokaa, mengine yakiwa na nguzo zilizosimamishwa juu ya kichwa cha marehemu. Nguzo nyingi zimeanguka, nyingine zimekatika katikati na vipande vyake vimelala kwenye majani. Huu ulikuwa mji wa karne ya 14 na ya 15, mji wa biashara, wenye watu walioweza kununua bakuli za kutoka mbali ng'ambo ya bahari na kuzipachika kwenye makaburi ya wazee wao.

Bakuli hazipo tena. Zimebaki tundu za duara, laini kwa ndani. Baba aliweka vidole vitatu kwenye tundu moja akauzungusha mkono taratibu kufuata ukingo wa chokaa, pale ambapo fundi alikuwa amekandamiza ili bakuli ishike. Alama ya kidole cha yule fundi ilikuwa bado inaonekana kwenye chokaa, mfereji mdogo uliopinda. Baba akaniita niuguse na mimi. Nikaugusa. Dereva naye akaja, akaniambia ametoka mbali kidogo tu na hapa na hajawahi kuingia ndani ya ua huu.

Nilichokuwa nimekisoma kabla ya safari nikawasimulia, kwani zamu ilikuwa yangu. Vasco da Gama alipokuwa akipanda kaskazini Aprili 1498, meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya bahari hii. Watu wa pwani walimwendea na vyombo vyao, na Mreno aliyeandika habari za safari akasifu machungwa yaliyoletwa siku ile, kwamba yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Januari 1499, wakirudi kutoka India, mabaharia wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Wakaichoma São Rafael hapa hapa, mbele ya mji waliouita Tamugata, yaani Mtangata, ambao ndio huu. Wakati wanahamisha mizigo watu wa mji walikuja kuwauzia kuku, wakibadilishana kwa mashati na vikuku.

Shuleni mimi nilikaririshwa tu kwamba Vasco da Gama alifika Malindi. Hakuna aliyenitajia Mtangata, na inaniuma, kwa sababu mtoto wa Tanga angeweza kupelekwa pale asubuhi na kurudishwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Magofu yale yanastahili kulindwa kwa nguvu zaidi ya ua na mlinzi mmoja, hata kama mlinzi huyo, kama yule tuliyemkuta, anaijua kazi yake na anaipenda. Bahari inazidi kusogea. Nguzo iliyoanguka haisimamishwi kwa maneno.

Baba alitazama maji kwa muda. "Kuku kwa mashati," akasema. "Basi tulikuwa tunajua kufanya biashara."

Kigombe tulipita maji yakiwa yamekupwa. Wanawake walikuwa wakirudi kutoka mwambani, kanga zimefungwa kiunoni, vijiti vya kuchokolea pweza mikononi. Mmoja alikuwa ameshika pweza kwa kichwa akimpigiza juu ya jiwe, tena na tena, anamgeuza, anampigiza upande wa pili, povu jeupe likitoka. Akamweleza baba kwamba usipompiga hivyo utamchemsha mpaka kuni ziishe na bado atakuwa mgumu. Baba alitaka kujaribu. Akapewa. Akampiga pweza yule kwa bidii kiasi kwamba wanawake walishangilia, na yule mwenye pweza akamwambia, "Baba, wewe rudi kesho, kazi ipo."

Kando yao mvuvi mmoja alikuwa anashona jarife lililochanika. Nilimuuliza habari za silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walimdhani alitoweka pamoja na wanyama wa kale mpaka alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia 2003 wavuvi wa mwambao huu wa Tanga walianza kuwanasa kwenye majarife ya papa, yanayotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mvuvi alisema yeye amemwona kwa macho yake, mkubwa, ana magamba magumu na mapezi mazito mithili ya miguu. "Nyama yake si tamu," akaongeza, na hilo ndilo alilotaka tujue.

Pangani tuliingia adhuhuri. Tukala kwanza, wali wa nazi na kolekole, kisha tukatembea polepole kando ya mto. Mto ule ni mpana, wa rangi ya udongo, na mji wa zamani umeufuata ukingo wake: nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, maduka ya Wahindi yaliyofungwa, rangi zikibanduka. Mbele ya forodha ya zamani baba alisimama sana. Hakuuliza kitu. Alitazama ngazi, mlango, njia ya kutoka gatini, na nilijua anampanga yule kijana karani mahali pake, aliyetoka shule, mwenye kalamu na daftari la ushuru.

Lakini Pangani ina habari nyingine, na hiyo baba aliifahamu kuliko mimi. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilikuja kusimika bendera yake hapa, chini ya Emil von Zelewski, na mtu huyo akaingia msikitini na mbwa wake wakati watu wako kwenye ibada. Mwambao wote ukawaka. Abushiri bin Salim akaongoza vita, na tarehe 15 Desemba 1889 wakamnyonga katika mji huu huu. Zelewski, yule waliyempa jina la Nyundo, naye aliuawa na Wahehe pale Lugalo mwaka 1891.

"Kwetu walinyonga Februari 1906," baba akamwambia dereva. Alikuwa anazungumzia wazee wa Kingoni walionyongwa Songea katika vita vya Majimaji, habari aliyotusimulia tangu utotoni, ila sikuwahi kumsikia akiiweka bega kwa bega na ya pwani. Dereva akatikisa kichwa. "Kumbe ni kamba moja, Mwalimu."

Saa tisa tukaingiza gari kwenye kivuko. Ni dakika chache tu kutoka ukingo mmoja mpaka Bweni, baina ya baiskeli, matenga ya samaki na akina mama wenye mizigo, lakini baba alishuka kwenye gari akavuka kwa kusimama. Babu yangu alivuka hapa mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa kijana, manamba aliyetolewa Songea kwa mkataba. Aliporudi kwao alioa, akamzaa baba, na mambo ya mkonge aliyasema kwa uchache: kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, ambapo ulipaswa kutimiza siku 30 ndani ya siku 42, kelele za korona, yaani mashine ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, na mto mkubwa uliomtenga na njia ya kurudi nyumbani.

Mkonge wenyewe ulianzia ng'ambo ile. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mashamba yote ya nchi, reli za mashambani, makambi, watu waliosombwa kutoka Songea, Kigoma, Njombe na Burundi, vyote vilitokana na miche ile 62.

Baada ya Bweni mistari ya mkonge ikaanza. Tulisimama penye nyumba chache, na mzee mmoja, Muha wa Kibondo aliyekuja kukata mkonge akiwa kijana na asirudi tena kwao, akatukaribisha chini ya mwembe. Baba alimwamkia kwanza, ingawa walikaribiana umri, kisha akamwambia amekuja kuona kazi ya baba yake. Mzee akaingia ndani akatoka na panga. Mpakani mwa kiwanja chake kulikuwa na mkonge. Akakata mwiba wa nchani kwanza, tik, akashuka chini kabisa ya jani, akalikata mara moja likaanguka mzima. Unaanza na majani ya chini tu, alieleza. Ya juu yaache yakue. Majani 30 ni fungu moja. Utomvu ukikugusa unawasha mpaka usiku.

Akaviringisha mkono wa shati kutuonyesha kovu za miiba, nukta nukta nyeusi kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Baba akaushika mkono ule. "Za kwake zilikuwa hivi," akasema. "Mimi nilidhani ni ndui."

Wale wazee wawili walizungumza mpaka dereva akaja kutukumbusha kivuko. Tulipokuwa tunarudi majini baba akaomba simu yangu, akampigia mdogo wake Songea, akipaza sauti kwa ajili ya injini. Alimweleza habari ya mwiba, ya panga, ya majani 30, ya mkono wa Muha. Baba mdogo alikuwa anauliza na kuuliza. Mwisho akataka nipewe simu mimi, nimtajie nauli ya basi kutoka Songea mpaka Tanga, na kama yule kijana wa Noah atakuwepo mwezi wa nane.