Ridhimu Bila Solo

Jana nimelitoa gitaa mvunguni mwa kitanda. Nisijisifu kuwa ni mapenzi. Mpwa wangu alikuja na habari kwamba kijana mmoja wa kanisa la hapa jirani anatafuta gitaa la umeme, akataka alipige picha amtumie. Nikamwambia angoje nilipanguse kwanza, mwari haonyeshwi watu hajanawa uso. Vifungo vya kasha vilikuwa vimeota kutu ya kijani, nikavigonga kwa mchi ndipo vikaachia. Harufu iliyotoka ni ile ile ya 1991: jasho, sigara za watu, mafuta ya nazi. Nyuzi zote sita zimeliwa. Nilipitisha kidole juu yake kikatoka na rangi ya hina.

Huku Malindi chuma hakina umri. Kusi likianza, chumvi yatufuata mpaka Barani, na sisi si watu wa ufuoni. Friji yatoboka miguu, bawaba za mlango zalia, baiskeli ya mwaka huu mwakani ni skrepa. Na gitaa la umeme, ukiondoa ule ubao, ni chuma kitupu. Chini ya nyuzi mna vijisumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, ule waya unazaa umeme kiduchu, umeme unasafiri hadi kwenye ampu, kile kikuza sauti, na huko ndiko unakopewa kifua. Bila ampu ni mbu. Nilipolikwaruza jana usiku, mke wangu aliuliza kutoka jikoni, "Mbu huyo, ama ni wewe?"

Asubuhi nikalipeleka kwa fundi wa redio, ingawa siku hizi meza yake imejaa simu zilizopasuliwa matumbo na redio ni moja tu, juu ya rafu, inayomwimbia yeye mwenyewe. Akaligeuzageuza kama mtu aliyeletewa samaki asiyemjua.

"Ami, hili ni gitaa la solo?"

"La ridhimu."

"Tofauti yake iko wapi?"

Sikumjibu, maana haipo. Gitaa ni lile lile, tofauti iko kwa aliyelishika: wa solo hupiga mbele akisikika, wa ridhimu humshikia mwendo nyuma. Akafungua kifuniko cha nyuma, akatia lehemu mahali pawili, akaisugua soketi ya waya kwa kipande cha msasa, akanitoza mia tatu. Alipokuwa akifukizwa na moshi wa lehemu nikamsimulia habari za Leo Fender, yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye magitaa ya nusu ya dunia. Alikuwa fundi redio kama yeye. Alifungua duka la kutengeneza redio huko Fullerton, California, mwaka 1938, na mwaka 1954 akatoa lile gitaa la pembe mbili ambalo langu mimi ni la kuiga. Amekufa 1991 na kupiga gitaa hakujua. Fundi akacheka: "Basi hata mimi nina fungu langu."

Njiani kurudi nikawa nafikiria zile habari ambazo kila baada ya muda huzuka huko Marekani, kwamba gitaa la umeme lafa. Mwaka 2017 gazeti la Washington Post liliandika kwamba mauzo ya huko yameshuka ndani ya miaka kumi kutoka kama milioni 1.5 kwa mwaka hadi milioni moja na ushei. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Gibson, kampuni ya magitaa ya tangu 1902, ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai. (Gibson nao walijitia wenyewe. Walikopa kununua biashara ya vyombo vya kusikilizia muziki majumbani, na deni hilo ndilo lililowabana koo, si magitaa.) Halafu ikaja korona, watu wakafungiwa ndani, na 2020 Fender wakauza kuliko mwaka mwingine wowote. Kwa hivyo maiti hii huinuka ikaomba chai.

Maelezo yao huwa ni kwamba mashujaa wamekwisha. Jimi Hendrix, yule mpiga gitaa wao, alikufa 1970, waliobaki ni wazee, na mtoto wa leo hana wa kumtazama akatamani kuwa yeye. Kwao huenda ndivyo. Kwetu hainiingii akilini, kwa sababu sisi hatukuwa na gitaa la shujaa. Mbaraka Mwinshehe alikuwa bingwa wa solo, hilo sibishi, na alipofariki katika ajali Mombasa 1979 nilikuwa mtoto na nakumbuka watu wazima walivyoinamisha vichwa barazani. Lakini msikilize tena, umwondoe aliye nyuma yake anayekokota zile nyuzi za katikati, uone kama utainuka kitini. Wasikilize Les Wanyika. John Ngereza anapiga solo, ndiyo, lakini Omari Shabani kwenye ridhimu na Tom Malanga kwenye besi ndio waliojenga nyumba, yeye akaingia na mlango ukiwa wazi.

Nimekaa kwenye ridhimu miaka kumi na mbili katika bendi ya hoteli, kwa hivyo wivu wangu ujulikane mapema. Ridhimu ni kazi ya mtu asiyetazamwa. Mkono wa kushoto umeshika mahali pawili tu wimbo mzima, wa kulia unakwangua, na kiganja unakilaza nyuma kidogo juu ya nyuzi ili sauti ikatike, tk-tk-tka, isielee. Ukikilaza sana gitaa linakuwa kopo. Ukikiinua unamfunika solo. Mwenzangu wa solo tukimwita Mkunga, kwa vile vidole vyake vilivyokuwa vikiteleza kama samaki mkunga mwambani, Mungu amrehemu. Mkunga alikuwa na kibofu kibaya. Ikifika katikati ya wimbo hulitundika gitaa kwenye ampu akatoka, na watu wakaendelea kucheza bila kugundua, dakika tatu, nne, mpaka arudi akifunga suruali na kuingilia pale pale. Siku moja mimi ndiye niliyekatikiwa na uzi nikasimama. Solo akaendelea, besi ikaendelea, lakini ukumbini watu walisita mguu ukiwa juu, wakatutazama. Ndiyo sifa yangu pekee maishani, na aliyeiona ni Mkunga tu.

Na kwa kuwa tulikuwa tukipigia wageni, tulijua pia nyimbo za Kitaliano, maana Mtaliano wa Malindi ni wa tangu enzi za roketi za Waitaliano za San Marco kule Ngomeni miaka ya 60, na akinywa hulia kwao. Ule wimbo wa Them Mushrooms wa 1982, wa kumsalimia mgeni, tumeupiga kila usiku, mara nyingine mara tatu. Watu huucheka siku hizi. Mimi siucheki, umenisomeshea watoto wawili.

Kisha Aprili moja, msimu umekwisha na hoteli yafungwa kama kawaida, meneja akatuambia tuonane Julai. Julai tukaja watano na magitaa yetu tukamkuta kijana mmoja amekaa jukwaani na kinanda. Sikuamini kinanda kile. Ngoma imo, besi imo, tarumbeta imo. Nikamwomba anionyeshe. Akabonyeza tarakimu mbili, akaniambia, "Hili gitaa, kaka," akakwaruza kwa kidole kimoja. Nilikuwa mle ndani mimi, sina haja ya chakula wala nauli. Hesabu ya meneja ilikuwa wazi na sikumlaumu mbele ya watu, nimemlaumu nyumbani. Yaliyofuata, wageni kupungua, maonyo ya safari ya 2014, hoteli kugeuka mapori, yalikuta bendi zimeshavunjika. Mkunga akaenda kuuza makuti. Gitaa hili likaingia mvunguni.

Ninachotaka kusema ni kwamba gitaa kwetu lilikuwa mazungumzo. Solo anauliza, ridhimu anaitikia "ehe, ehe," besi anaweka neno la mtu mzima. Chombo hiki hakikushuka thamani kwa sababu vijana hawakipendi. Kilibaki peke yake barazani, wenzake wameondoka, na mtu anayezungumza peke yake barazani watoto humkimbia.

Mpwa wangu hakubali. Yeye hutengeneza biti chumbani kwake kwa kompyuta ndogo, na mwaka jana alinishika nimpigie ridhimu airekodi, kwa gitaa la kuazima. Nikakaa kitako, nikakohoa, nikaanza. Sekunde nane hazijafika akainua mkono.

"Yatosha, mjomba."

"Yatosha nini? Sijapasha hata kidole."

"Nimeshakata. Hapa naikopi, inakwenda mpaka mwisho."

Nilikasirika, nikamweleza kwamba ridhimu hairudiwi, inaonekana tu kama inarudiwa, kwa sababu kila mzunguko unamsikiliza mwenzio amesema nini. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauweka wimbo, na mwenye haki hunena: ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kuliko sisi usiku wa Jumanne, Mkunga amelewa na ampu yanguruma. Nimeusikia hata kwenye tuktuk. Lakini kila ukifika pale ninapokata, nasikia kikohozi changu kidogo kimenaswa ndani yake, na kinarudi, na kinarudi, mahali pale pale.

Jioni hii kijana wa kanisani amekuja. Ana miaka ishirini hivi, shati limepigwa pasi, amebeba kijiampu cha betri na seti ya nyuzi mpya aliyoagiza Mombasa, zikaja na basi. Hiyo pekee ilinipendeza. Tukazifunga pamoja, yeye akizungusha na mimi nikikaza, akalisawazisha kwa programu ya simu. Mimi bado nilitaka kutumia sikio, tukatofautiana kidogo kwenye uzi wa pili, simu ikashinda.

Kisha akapiga, na nilishangaa. Sebene! Ile ile ya Kikongo iliyokuwa ikipigwa baani hapa tukiwa vijana, na masheikh na mapadri wote wakiilaani, leo imo kanisani na inaitwa sifa. Vidole vyake ni vyepesi kuliko vya Mkunga, nasema kweli na Mkunga anisamehe. Lakini alikuwa akipiga bila kuvuta pumzi. Hakuna nafasi, hakuna koma, kama mtu anayesoma barua ya simu kwa sauti.

"Ridhimu hupigwa na nani kwenu?" nikamuuliza.

"Kinanda, mzee. Gitaa tuko mmoja."

Gitaa lilikuwa moja hata hapo kibarazani. Nikaivuta stuli ya mke wangu, nikaanza kuigonga kwa kucha na kifundo cha kidole, tk-tk-tka, tk-tk-tka, mahali pa ridhimu. Mara ya kwanza alinipita tu. Mara ya pili akapunguza. Ya tatu akapiga kipande kifupi, akanyamaza, akanitazama mkono, nikamjibu, akarudi na kipande kingine. Tukaenda hivyo mpaka adhana ya magharibi ikasikika, akazima ampu mwenyewe kabla sijamwambia.

Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Sijui kama alirekodi. Hakusema, sikuuliza.

Bei niliyotaka ni elfu kumi na tano. Alikuwa na tisa. Nikasema kumi na mbili, akasema ana tisa. Nikachukua tisa, mke wangu akaguna kwa ndani. Akalilaza gitaa katika kasha lake, vile vifungo vikakataa kufunga, akalifunga kwa kamba ya mkonge na kulipakia kwenye bodaboda mbele yake, akilikumbatia.

Mkanda ameusahau. Ni wa ngozi, upande wa begani umelainika na kuingia rangi nyeusi ya jasho langu. Nimeutundika kwenye msumari nikisema nitampelekea Jumapili. Nimetoka kuswali nikaukuta haupo. Mke wangu ameutia kwenye kapu lake la sokoni, mshikio wake ulikuwa umekatika tangu wiki iliyopita, na amenionyesha jinsi unavyokaa vizuri begani hata kapu likijaa viazi.