Kumbukumbu ya mradi: gobi na kamba wa Watamu

Januari, maji mafu

Eneo nililolichagua ni kipande cha mchanga kilichozungukwa na majani ya bahari, upande wa ndani wa mwamba, hapa Watamu, pwani ya Kenya, ambako hifadhi ya taifa ya bahari ilianzishwa mwaka 1968. Kwa kuwa ndani ya hifadhi hakiokotwi kitu wala hakipigwi kigingi, kazi yote ni ya kutazama tu: miwani ya kuzamia, mrija, kibao cha plastiki na penseli, pamoja na kamera ndogo niliyoifunga kwenye chubwi ili mkondo usiiyumbishe. Siku za bamvua nimeziacha, kwani tofauti ya kupwa na kujaa huweza kuzidi mita 3 na maji yanayokwenda mbio huchafuka.

Ninayemfuatilia ni gobi, samaki mwembamba wa urefu wa kidole, mwenye mikanda ya kahawia ubavuni, ambaye hushinda ametulia juu ya mchanga kwenye mlango wa shimo asilolichimba yeye. Mchimbaji ni kamba mdogo wa jamii ya Alpheidae, jamii ileile ambayo baadhi ya jamaa zake hutoa ile milio ya kutatarika unayoisikia mara tu uingizapo masikio majini. Watafiti walionyesha mwaka 2000 kwamba mlio huo hautokani na gando kujigonga, bali na kiputo kinachopasuka baada ya gando kufungwa kwa kasi.

Februari

Kamera imeleta nilichokitaka. Kamba anatoka akisukuma mchanga kwa magando yake kama tingatinga, anaumwaga nje, kisha anarudi ndani. Na muda wote awapo nje, papasi yake moja, yaani uzi mrefu wa kichwani wa kugusia, imegusa mwili wa gobi, mara nyingi karibu na mkia. Macho yake ni hafifu, hivyo mlinzi ni samaki. Gobi akitikisa mkia kwa haraka, kamba anarudi shimoni papo hapo. Hatari ikizidi, gobi naye anajitosa kichwa kwanza. Mtafiti Wolfgang Luther aliueleza ushirikiano huu, kama ulivyo katika Bahari ya Shamu, mwaka 1958, na tangu hapo zaidi ya aina 100 za gobi zimejulikana kuishi hivyo.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba gobi hamwogopi kila apitaye. Samaki aitwaye mkundaji alifukua mchanga kwa ndevu zake karibu kabisa na mlango, na gobi akasogea kidogo tu bila kuutikisa mkia, ilhali kivuli cha chewa mdogo kiliwafukuza wote wawili. Mimi, kwa bahati mbaya, nimo katika fungu la chewa: nikisogea karibu, kamba haonekani tena mpaka nirudi nyuma na kuiacha kamera peke yake.

Machi

Nilikuwa nimeombwa na rafiki mpiga mbizi nichore ramani ya mashimo, nami nimekataa kwa sababu ambayo picha zinaithibitisha. Mlango hauketi mahali pamoja. Mchanga huporomoka, kamba hufungua njia nyingine pembeni, na usiku, wote wawili wakiwa ndani, mlango huzibika kabisa. Kwa hiyo ramani ya mashimo ya asubuhi moja ingehesabu nyumba moja mara mbili na kuiacha nyingine. Badala yake ninaandikisha samaki wenyewe kwa mikanda yao: mmoja ana mkanda wa tatu uliokatika katikati, mwingine ana pezi la mgongo lililochanika, na kwa alama hizo nimeweza kuthibitisha kwamba huyu wa pezi bovu bado yumo na kamba wake, ijapokuwa mlango wao umehama.

Kusi ikianza, maji hapa yatavurugika na kamera haitaona mbali, hivyo miezi hiyo nitaitumia kupitia picha na kupima, kwa kila gobi, muda unaopita kati ya kujitosa kwake na kuchungulia tena. Kaskazi ikirudi nitaanza na kipande hikihiki cha mchanga, na kuongeza saa za jioni, nione ni nani kati ya wawili hao anayetangulia kuingia.