Kigombe kwa Wavuvi Wenye Maneno

Ukitoka Tanga mjini kwenda Pangani, daladala hukupitisha kwenye mashamba ya mkonge, ukachungulia Tongoni na makaburi yake ya kale yenye nguzo, kisha minazi inazidi na harufu ya bahari inakuingilia dirishani hata kabla hujaiona. Nikashuka Kigombe. Nilikuwa nimemfuata silikanti, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka pamoja na dainosaria, hadi meli ya uvuvi ilipomnasa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu Tanzania alianza kujulikana mwaka 2003, upande wa Kilwa, halafu akawa ananaswa sana huku Tanga. Ndiye aliyeipa jina hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 kati ya Tanga na Pangani.

Silikanti mwenyewe sikumwona. Ila waliomvua, na wanaodai wamemvua, hawana shida ya maneno.

Jioni ile nilikaribishwa barazani, kahawa chungu na kashata, bao likichezwa pembeni. Katikati alikaa nahodha mmoja mzee, kofia ya mkono, macho mekundu kwa chumvi na jua.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Nawe umekuja kwa samaki wa Wazungu?"

Nikakiri. Akaanza. Babu yake, akasema, alikuwa akimvua samaki huyo na kumtupa, tena mara nyingi, maana nyama yake ni mafuta matupu. Ukiila utakesha msalani. Jirani yake, dalali wa pwani, hakuinua macho kwenye bao.

"Babu yako alikuwa na mshipi na mtego wa dema. Silikanti ananaswa na majarife, nyavu za papa zinazoshushwa kilindini, pima hamsini na zaidi. Yeye jarife hilo alilipata wapi?"

Baraza zima likacheka. Nahodha akanywa funda la kahawa, akalimeza polepole. "Alikuwa na mshipi mrefu."

Kisha ukaja ugomvi wa ukubwa. Mmoja akanyoosha mikono, mwingine akasimama ili apate nafasi, wa tatu akaomba wapime kwa urefu wa benchi. Kwa bahati silikanti hukaribia mita mbili kweli, kwa hiyo safari hii hata muongo wao mkubwa alikuwa hajafika mbali na ukweli.

Nikauliza kama kesho nitaweza kwenda nao. Mzaha ukakatika papo hapo. Nahodha akatoka nje ya baraza, akaangalia mawingu upande wa kusini, akaangalia mwezi. Anahesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, miongo ile ile ya wazee wetu, na simu yenye kalenda iko mfukoni mwake. Akarudi kukaa. "Upepo wa umande utatutoa. Saa nne kusi itaamka, saa sita itakuwa na hasira. Ikifika saa hiyo tuwe tumegeuza." Hakuna aliyembishia, hata dalali.

Tulishua ngalawa alfajiri, maji ya bamvua yakiwa bado yamejaa. Tulikuwa watatu: nahodha, mjukuu wake wa kiume, na mimi, niliyepewa kopo la kufulia maji na kuambiwa nisiguse kitu kingine. Tanga likatwekwa, umande ukatusukuma kimyakimya.

Hana mashine ya kumwonyesha samaki walipo. Alitafuta mahali pake kwa macho. "Unauona mnazi ule pacha? Uweke chini ya kile kilele cha Usambara. Umekaa? Sasa geuza shingo, uangalie alama ya pili." Ngalawa ikasogea kidogo, mnazi ukahama, akamfokea kijana arudishe usukani. Mistari miwili ilipokutana, jiwe la nanga likatumbukia. Mshipi wa kwanza, chambo cha ngisi, haukufika chini ukashikwa: changu. Ningesema ni bahati, lakini tulipoburuzwa na mkondo kidogo tu, hatukuguswa tena mpaka alipoturudisha palepale.

Akaniapisha nisiitaje alama ile ya pili, na sitaitaja. Mtu huyu huyu aliyemzulia babu yake mshipi wa pima hamsini hakukosea hata nusu saa katika habari za upepo. Kuhusu samaki, Kigombe wanadanganyana kwa raha zao. Kuhusu upepo, mwamba na mkondo sikusikia hata mmoja akitia chumvi, kwa sababu anayeamini uongo wa namna hiyo harudi kuusimulia.

Njiani alinionyesha mahali ambapo hatupi tena nanga. Pwani ya Tanga iliteswa na uvuvi wa mabomu kwa miaka mingi, na mwamba ule ulipigwa baruti hadi ukawa vifusi. "Aliyepiga alipata samaki wa siku moja," akasema, akatema mate baharini. Hapo tu ndipo nilipomwona amekasirika.

Karibu na saa tano, kolekole akashika mshipi wa kijana. Tulimwona ubavuni mwa ngalawa, fedha tupu, kiasi cha mkono wangu kuanzia begani. Akajipinda, akakata uzi, akaenda zake. Nahodha akatazama kusini, akasema tugeuze. Kusi ilikuwa imeamka kweli.

Maji yalipojaa tena, dalali akafungua mnada mchangani. Barazani ni mtu wa maneno machache. Kwenye mnada anaimba. Fungu la changu likaanzia elfu nane, "na tano, na tano, kumi, mama wa mihogo umelala?" Mama wa mihogo hakuwa amelala. Alipandisha mara moja, akaondoka na fungu. Wachuuzi wa pikipiki wakabaki kununa juu ya matenga yao.

Kesho yake nilimfuata bi mkubwa mmoja, mchokoa pweza, kanga imefungwa kibwebwe na mchokoo mkononi. Maji yalikuwa yamekupwa hadi mwamba ukawa uwanja. Nilipita juu ya shimo bila kuona kitu. Yeye akanirudisha, akanionyesha maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni. "Pweza ni mchafu wa jirani. Hula, akatupa uchafu nje." Akachokoa, mikono ikatoka ikijizungusha kwenye fimbo, akamvuta, akakipindua kichwa kwa mkono mmoja. Shimo la pili aliliacha. Ndani mlikuwa na jike juu ya mayai. "Huyo hali tena mpaka yaanguliwe, halafu anakufa. Nikimtoa leo nimekula na mwakani."

Nikamwambia habari za wanaume wa baraza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wale wanavua kwa mdomo, mwanangu. Waulize pweza wangapi wanaingia jikoni mwao kutoka kwangu."

Usiku wa mwisho, kahawa tena. Nahodha alikuwa ameshaanza, kijana wake kakaa kimya pembeni. Kolekole wetu alikuwa amekua tangu jana. Sasa aliivuta ngalawa na nanga yake, na nahodha alilazimika kukata uzi mwenyewe kwa kisu ili kuokoa roho zetu. Dalali akaweka kete chini.

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Muulizeni mgeni. Alikuwemo."

Wote wakanigeukia. Nikanyoosha mikono yote miwili kadiri ilivyofika, kisha nikamwomba aliyekaa kando yangu asogee kidogo.