Koi ni kukolea: nilivyozoea kuelezea ladha kwa Kijapani

Nilipokwenda Osaka kusoma, jioni nilikuwa nafanya kazi kwenye mgahawa mdogo wa udon, zile tambi nene za ngano zinazoliwa na mchuzi. Siku za mwanzo nikamwambia meneja kwamba chai yake ni tsuyoi, yaani ina nguvu. Akacheka: "Imempiga nani? Pombe ndiyo tsuyoi. Chai ni koi."

Hilo koi nikalitafsiri "nzito" na likawa linanigomea, mpaka nilipolisikia dukani likitajwa kwenye rangi ya shati. Nikashtuka. Kumbe ni kukolea! Sisi husema chai imekolea, chumvi imekolea, rangi imekolea. Nao koi yao inapita mlemle. Kinyume chake ni usui: chai chapwa, mchuzi majimaji, rangi iliyopauka, hata karatasi nyembamba. Tangu hapo nikionja kitu najiuliza kwanza kwa Kiswahili kama kimekolea, na jibu linakuja lenyewe.

Ila usui huyohuyo aliniponza. Niliambiwa nitie sosi ya soya ya usukuchi kwenye sufuria ya mchuzi. Nikasema moyoni, usu si ndiyo chapwa? Nikaongeza upawa mzima. Meneja akaonja, uso ukamkunjamana: "Karai!" Nikaapa sijagusa pilipili. Darasani karai tulifundishwa kuwa ni ukali wa pilipili, lakini upande ule wa Kansai, yaani Osaka na jirani zake, hasa kwa wazee, hata chumvi ikizidi ni karai. Tokyo wangesema shoppai. Na ile usu ya kwenye chupa ni ya rangi tu: usukuchi ina chumvi kama asilimia 18, wakati koikuchi, ile nyeusi, ina kama 16. Mchuzi wa udon wa Osaka ukiutazama utadhani maji ya kuoshea mchele, usidanganyike. Sufuria yote ikamwagwa, nami nikaisugua kimyakimya.

Kotteri na assari hazikunisumbua. Ya kwanza ni chakula chenye mafuta yanayoganda mdomoni, ya pili ni kile chepesi kisichokukinai.

Juzijuzi mwenzangu wa Tanga alinitembelea, tukaenda kula ramen, tambi nyingine za mchuzi, ya mtindo wa Yokohama, ambako mteja huulizwa ladha anaitakaje. Nikamwagizia koime kwa madaha, maana yake iliyokolezwa. Akala kimya, akaagiza maji mara tatu, kisha akaniuliza kwa upole neno la kuomba usui ni lipi.